Naomba ushauri: Toledo kwa miguu na mama mwenye goti bovu

Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi nampeleka mama Toledo, tunatoka Madrid kwa treni asubuhi na kurudi jioni. Ana miaka 64, goti linamsumbua, na teksi hataki kabisa (anasema mji hauonekani dirishani). Ramani nimeitazama sana ila haioneshi mwinuko, na stesheni iko chini, ng'ambo ya mto Tajo. Nimesoma kuna ngazi za umeme karibu na lango la Bisagra.

Waliofika: tupande kwa ngazi hizo, kisha jioni tushukie daraja la Alcántara, au mteremko ule utammaliza? Na baada ya kanisa kuu, atamudu kufika Santa María la Blanca (sinagogi la zamani) na msikiti wa mwaka 999, au tuache kimoja?