Infirmiere (muuguzi) anaweza kukataa kutoa mimba juu ya imani yake?

infirmiere_wa_usiku
Ndugu zangu banganga nisaidieni. Niko infirmiere mu senta moja ya Bukavu, garde ya usiku nafanyaka peke yangu. Tulifundishwa kama tangu Protokoli ya Maputo (mapatano ya Afrika ya haki za wanawake) itoke mu Journal Officiel, gazeti ya serikali, 2018, mama aliyebakwa ama mimba yenye kutia maisha yake mu hatari anaweza kutolewa ile mimba. Miye imani yangu inakataa. Na kumutuma kwa mwengine, si ni kumushikia mwizi ngazi?

avoka_kadutu
Wewe mwenyewe unaweza kukataa. Komisheni ya Afrika ya haki za binadamu iliandika vile 2014 juu ya artikle 14 ya ile Protokoli: muganga anaweza kukataa, lakini mugonjwa atumwe kwa mwengine bila kuchelewa, na kama ni irjansi hakuna kukataa. Tena ni haki ya mutu, si ya lopitali nzima. Watu wanapendaka kusema "Amerika wanaruhusu", ndiyo, kuko sheria zao, Church Amendments za 1973 (ile Church ni jina la seneta, si kanisa 😂) lakini ile ni ya kwao.

mama_bagira
Miye siko muganga. Mutoto wa dada yangu alibakwa siku ya tano asubui, siku ya posho tukafika mu senta fulani, infirmiere anasema yeye hagusake ile dawa, turudi siku ya kwanza. Mwengine iko wapi, hakusema. Tukabaki pa banki na kikaratasi mukononi namba 4. Dawa ya kuzuia sida inapashwa kuanza mbele ya masaa 72 kuisha!! Na ile kidonge ya kuzuia mimba, yenye kumezwa mbele ya siku tano kuisha, si kutoa mimba, inachelewesha yai. Jirani njo alituambia twende lopitali ya Panzi, tukapanda pikipiki.

mzee_IT
Mama pole sana. Wee infirmiere, usingoje mugonjwa afike pa mulango. Andikia IT wako (infirmier titulaire, mukubwa wa senta) barua sasa, mu liste ya garde kuandikwe nani anaitwa, namba ya simu ibandikwe pa ukuta karibu na frigo ya chanjo. Unamwambia "miye sifanye, fulani anafanya, nenda sasa hivi", ngazi iko wapi pale?

infirmiere_wa_usiku
Aksanti. Barua nimepeleka leo. IT amesoma, akacheka: tuko babili tu wenye kupokezana garde ya usiku, na ule mwengine anasalaka kunipita.