Ada ya maabara tumelipa, maabara yenyewe tunaiona kwenye simu. Huu ni wizi!

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira, mnivumilie.

Nasoma stashahada ya maabara ya tiba, mwaka wa pili, chuo binafsi Dar. Muhula huu uongozi umetutumia ujumbe WhatsApp kwamba madarasa hayatoshi, kwa hiyo sisi tunasoma mtandaoni mpaka mitihani. Hakuna kikao, hakuna aliyetuuliza. Ada ipo palepale, na kwenye ankara kuna hela ya maabara na hela ya maktaba. Nimelipa yote. Mzee kauza ufuta ndiyo ikapatikana.

Chumba nimekiachia, nimerudi kwetu Liwale. Nyumbani mtandao haushiki. Unashika juu ya kichuguu nyuma ya shule ya msingi, na hapo ndipo ninapokaa kuanzia saa mbili asubuhi, daftari magotini. Jua likipanda kioo hakionekani, najifunika khanga ya mama na simu yangu humo ndani. Kipindi kimoja kinachochukua saa mbili kinakula zaidi ya GB 1. Bando nanunua mimi.

Sasa sikieni hili. Jumanne tulikuwa na vitendo vya titresheni, yaani kudondosha kemikali moja kwenye nyingine tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Mkufunzi anadondosha kemikali kutoka kwenye bureti (mrija wa kioo wenye koki) mbele ya kamera, anauliza, "Mnaona rangi inavyogeuka?" Waliosoma kemia wanajua, rangi inageuka kwa tone moja. Ukichelewa kufunga koki, majibu yote yameharibika, unaanza upya. Ni kazi ya vidole ile. Mimi picha iliganda maji yakiwa meupe, ilipozinduka yalishakuwa ya waridi na mkufunzi anaaga. Mwakani napelekwa hospitali kupima damu za watu, na muhula mzima mikono yangu haijagusa bureti hata mara moja!

Jaribio nalo lilikuwa la dakika 30. Nimefika swali la 12 kati ya 20, mtandao ukakata, mfumo ukanifungia nje. Nimeandika barua pepe tatu, kimya. Na mahudhurio yasipofika asilimia 75 hufanyi mtihani. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba karibu nchi nzima. Siku ikitokea tena, nani atahesabiwa mtoro?

Msiniambie elimu masafa ipo siku zote. Najua. Chuo Kikuu Huria wanaifanya tangu miaka ya 1990, lakini wana vituo mikoani, na anayejiunga kule anajua amechagua nini. Sisi tulijiunga na chuo chenye maabara, tukaoneshwa maabara siku ya kwanza. Hawa wamechukua slaidi zilezile za darasani wakazisoma mbele ya kamera, gharama ya kutufikia wakatusukumia sisi.

Watuite chuoni kwa makundi, hata wiki mbili mfululizo, tufanye vitendo vyote kwa mikono yetu. Nauli nitaitafuta. Wakishindwa, warudishe hela ya maabara ya muhula huu.

Aliyewahi kupeleka malalamiko NACTVET, baraza linalosimamia vyuo kama chetu, aniambie alianzia wapi, barua ya kikundi au ya mtu mmoja mmoja. Darasani kwetu tuko 64, na 41 wameshakubali kusaini.