Chemsha bongo ya TV: mtangazaji awe pia prodyuza?

Swali (Moshi): Wakuu, tunaandaa chemsha bongo ya shule za sekondari, kipindi cha nusu saa. Mtu mmoja aweza kutangaza na kuzalisha?

Jibu 1: Anaweza, ila maswali yakae kwa mtu mwingine. Tazama Jack Barry wa Marekani: alitangaza na kuzalisha chemsha bongo ya Twenty-One tangu 1956. Mwaka 1958 ikafichuka washiriki walikuwa wakipewa majibu. Alikaa miaka mingi nje ya televisheni ya taifa, hadi 1969 alipotangaza The Generation Gap. Bahasha za maswali zifungwe kwa lakiri, mtangazaji azifungue mbele ya kamera.

Jibu 2: Naongeza upande wa maswali, maana ugomvi huanzia hapo. "Kilimanjaro ina urefu gani?" ni swali bovu: wengi watasema mita 5,895, ila vipimo vya baadaye vilitoa tofauti kidogo. Andika jibu, chanzo, na majibu mbadala yanayokubalika. Andaa mara mbili ya unayohitaji. Swali likifutwa, la akiba lipo.

Jibu 3: Vitufe vya kujibia viwe vya waya, na saketi inayofunga vingine mara cha kwanza kikibonyezwa. Bila hiyo, taa mbili zitawaka na hakuna mwamuzi atakayeaminika. Weka UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika alama zisipotee.

Muuliza swali: Shukrani. Jaji akae meza ipi?

Jibu 2: Nje ya kamera, mkabala na mtangazaji, mwenye kinasa sauti cha kurudia jibu.