"Afungwa", kumbe bandeji! Gazeti hili limetuchosha

Wanajukwaa, nawasalimu nikiwa na hasira ambayo hata chai ya asubuhi imeshindwa kuishusha. Gazeti silitaji, kwa kuwa kila aliyewahi kusimama mbele ya meza ya magazeti Kariakoo analijua kwa herufi zake nyekundu zenye ukubwa wa mlango. Leo limeandika: "STRAIKA SIMBA AFUNGWA". Nikalinunua mbio, nikampigia simu baba yangu, mzee aliyeanza kuishangilia timu hii ikiitwa Sunderland, kabla ya mwaka 1971, naye akaanza kuniuliza ni kituo gani cha polisi ili tutafute wakili. Nilipolikunjua ndipo nikaona, chini ya mkunjo, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: "bandeji mguuni".

Bandeji!

Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja kinachofunga bao, ndoa, saumu na mhalifu, na mwandishi mwenye kipaji anaweza kukichezea mpaka abiria akacheka peke yake ndani ya daladala. Mtibwa Sugar wakipoteza mchezo, ukaandika kwamba miwa imetafunwa, sina ugomvi nawe, kwa maana Wakata Miwa wamefungwa kweli. Lakini neno linalobeba habari yote kufichwa mkunjoni, likimsubiri aliyekwisha kulipa, ni utapeli. Mzee wangu presha imempanda kwa ajili ya bandeji!

Mwana Jangwani: Pole kwa mzee. Hata hivyo, angekuwa straika wa Yanga, uzi huu usingeufungua, na hiyo bandeji ungeisambaza mwenyewe.

Mama Temeke: Mimi walinipata kwa "KOCHA AAGA". Nikasoma hadi ukurasa wa saba nikakuta aliwaaga wachezaji baada ya mazoezi, wakaonane kesho yake.

Wa Mbeya: Ninyi mmefungiwa bandeji siku moja mnalia. Sisi wa Tanzania Prisons tukishinda tunaandikwa "Wafungwa wafunga", tukishindwa "Wajelajela wafungwa", ilhali timu ni ya askari wa Magereza na hakuna mfungwa anayevaa jezi yetu. Miaka yote ni utani uleule, kama kwamba kamusi ina ukurasa mmoja.

Mgosi wa Tanga: Afadhali ninyi mnachezewa maneno. Coastal Union, mabingwa wa mwaka 1988, hatupati hata utani. Tukiufikia ukurasa wa mbele, ujue tunacheza na Simba au Yanga, na jina letu ndilo linaloangukia kwenye mkunjo.

Mfungua uzi: Ndugu zangu, naomba turudi kwenye bandeji.

Wa Mbeya: Mgosi, hata huko mkunjoni mnaitwa Wagosi wa Kaya, jina la heshima. Jaribu kuitwa mfungwa kila wikendi.

Mgosi wa Tanga: Heshima gani isiyosomeka bila miwani?