Programu za simu za kuacha sigara: ipi inafaa huku kwetu, na huwekwaje?

Limbani_Wete aliuliza:

Assalamu alaykum. Nauliza kwa niaba ya kikundi cha mtaani hapa Wete, Pemba, wanaume tisa, mdogo wao ana miaka 24 na mkubwa 61. Wote wanataka kuacha sigara kabla Ramadhani haijaingia. Sita wana simu za kugusa, nyingi Tecno na Infinix, watatu wana vitochi. Takriban wote hununua fegi moja moja dukani, hawanunui pakiti, na mmoja wao ana kuberi pia, ile tumbaku ya kubana mdomoni.

Programu zilizojaribiwa zimekwama kwa mambo haya: arifa hazifiki, au zinafika usiku wa manane. Hesabu ya pesa inatoa namba zisizoeleweka. Zote ni za Kiingereza. Na wenye vitochi ndio basi tena, hawana chao. Naomba wanaojua kazi hii waeleze hatua kwa hatua, ipi ipakuliwe, iwekwe vipi, na kama kweli kitu hichi kinasaidia.

---

FundiSimu_Darajani alijibu:

Waalaykum salaam. Naanza na arifa, kwa sababu programu isiyokuita wakati wa hamu ni sawa na kutokuwa nayo.

Tecno na Infinix hujiokoa betri kwa kuziua programu ambazo hujazigusa kwa muda. Programu ya kuacha sigara hufunguliwa mara mbili tatu kwa siku, kwa hiyo ndiyo ya mwanzo kuuliwa. Ingia setingi, sehemu ya programu, ichague, kisha kwenye betri uondoe vizuizi vyote. Halafu fungua Phone Master, ile programu ya kusimamia simu inayokuja na Tecno na Infinix, tafuta orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, iwashe na hiyo. Kama simu ni ya Android 13 au mpya zaidi, kuna ruhusa ya arifa inayoulizwa mara ya kwanza unapoifungua programu. Watu wengi hubonyeza kukataa bila kusoma. Rudi setingi ukairuhusu.

Kisha ijaribu. Jaribio la dakika kumi halitoshi, maana simu huwa bado haijalala. Weka kikumbusho cha alfajiri, iache simu usiku kucha bila kuigusa, uone kama italia. Isipolia, kuna kizuizi umekisahau.

Zile arifa za usiku wa manane si ubovu wa programu, ni saa zetu. Mtu akitaka kikumbusho cha saa mbili asubuhi anaandika 2:00, na simu inaelewa saa nane za usiku. Kila saa ongeza au punguza sita: saa moja asubuhi ni 07:00, saa kumi na mbili na nusu jioni ni 18:30. Mtego mwengine uko kwenye siku ya kuacha. Kwetu usiku wa Ijumaa unaanza Alkhamisi baada ya magharibi, lakini programu hubadilisha siku saa sita za usiku. Mtu aliyekusudia kuacha usiku wa Ijumaa akiandika Ijumaa, simu itampa siku nzima ya ziada ya kuvuta. Aandike Alkhamisi, 19:00.

Pesa: programu huuliza bei ya pakiti na idadi ya sigara ndani yake. Anayenunua moja moja asiandike bei ya pakiti ya dukani, kwa sababu yeye analipa zaidi. Chukua bei ya fegi moja uzidishe kwa 20. Tuseme moja ni shilingi 300, basi pakiti iandikwe 6,000. Mwenye kuvuta nane kwa siku ataona 2,400 kila siku na 72,000 kwa siku 30. Hakikisha na sarafu umechagua shilingi ya Tanzania, maana baadhi huanza na dola, na ndio zile namba za ajabu.

Bando: pakua mara moja penye waifai, kisha zima data ujaribu kuandika hamu moja ndani ya programu. Ikikataa kufanya kazi bila data, iache. Ikiomba kusoma majina ya watu wako au kutumia maikrofoni, iache vilevile. Hazina haja navyo.

---

Maalim_Chake alijibu:

Nijibu lile la kama zinasaidia, na niseme wazi ili watu wasije wakavunjika moyo.

Neno "programu" linakusanya vitu vingi visivyofanana. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti tano za programu za simu, zenye watu zaidi ya 3,000, na hayakuona tofauti kati yao na waliopewa msaada mdogo tu. Ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu. Ila mwaka uliofuata, 2020, kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, kilitoa jaribio la programu yao ya iCanQuit kwa watu 2,415. Baada ya miezi 12, asilimia 28.2 ya walioitumia walikuwa hawajavuta kwa siku 30 zilizopita, dhidi ya asilimia 21.1 ya waliotumia QuitGuide ya taasisi ya saratani ya Marekani. Zote mbili hutolewa bure.

Kilichotofautisha ni mafunzo yaliyomo ndani. QuitGuide inakufundisha kuikwepa hamu na kujishughulisha na jengine. iCanQuit inakufundisha kuiacha hamu ije, uitazame inavyopanda, uiache ishuke bila kuitii. Mwanamme anayekaa baraza moja na wavutaji kila jioni hawezi kuikwepa hamu, labda ahame mtaa. Kwa hiyo kwa kikundi chako, anayesoma Kiingereza apewe iCanQuit. QuitGuide wachukue kwa ajili ya daftari lake tu, kwa sababu inakuruhusu kuandika hamu ilikujia wapi na saa ngapi.

Sasa wenye vitochi. Yakhe, hao usiwahuzunikie, kwa sababu ujumbe mfupi una ushahidi imara zaidi kuliko programu. Uingereza lilifanywa jaribio la txt2stop kwa watu 5,800, likachapishwa 2011. Waliopata ujumbe walioacha mpaka mwezi wa sita, tena wakapimwa kuthibitisha, walikuwa asilimia 10.7. Wasiopata ujumbe wa kuacha, 4.9. Ni zaidi ya maradufu, kwa ujumbe wa maandishi tu.

Ratiba yao ilikuwa ujumbe tano kwa siku kwa wiki tano, kisha tatu kwa wiki kwa wiki 26. Ukipiga hesabu ni 175 na 78, jumla 253 kwa mtu mmoja. Mtu mwenye simu ya kugusa anaweza kuwatumia wote watatu. Kwenye Google Messages andika ujumbe, bonyeza kitufe cha kutuma bila kuachia, itakuuliza utume lini. Kaa siku moja upange za wiki nzima. Simu inayotuma lazima iwe imewashwa, ina mtandao na ina kifurushi cha SMS saa hiyo ikifika. Ikizima kwa umeme kukatika, ujumbe hautoki, na wa saa ya hamu ukichelewa hauna kazi tena.

Andika kwa herufi za kawaida, usizidishe 160. Ukitia kijipicha cha uso hata kimoja, nafasi inashuka mpaka herufi 70, ujumbe mmoja unakatwa viwili au vitatu na kifurushi kinaisha katikati ya wiki. Mifano ya kuanzia:

"Saa 12 na nusu asubuhi. Chai kwanza. Hamu ikija kunywa maji, vuta pumzi tano za taratibu. Hukaa dakika chache tu. Tazama saa, usitazame duka."

"Ukifika baraza, mkono mmoja ushike kikombe, mwengine tasbihi. Ukipewa fegi sema: nimeacha, ahsante. Usieleze zaidi."

"Umeteleza? Moja si pakiti. Nijibu TELEZA, unambie wapi na ulikuwa na nani. Safari inaendelea."

Huo wa tatu uwe unatumwa kila wiki hata kama hakuna aliyeteleza. Wale wa Uingereza waliweka neno la kutuma mtu akizidiwa na hamu, na jengine akiteleza, akajibiwa papo hapo. Nyinyi wekeni ARUSTO, yaani ile hamu inayombana aliyeacha, na TELEZA, na awepo mtu wa kujibu kweli. Neno lisilojibiwa mara moja, mara ya pili halitumwi.

---

Mfamasia_Unguja alijibu:

Hapo juu pote pamesemwa vizuri, lakini simu haina nikotini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unazitaja SMS na programu kama nyongeza ya ushauri na dawa, au njia ya mtu kujisaidia mwenyewe. Akipata dawa na mtu wa kumshauri pamoja na simu, nafasi yake ni kubwa zaidi.

Kabla ya yote, kila mmoja ajibu swali moja: akiamka, sigara ya kwanza anaivuta baada ya dakika ngapi? Chini ya dakika 30, uraibu ni mkali. Lipimeni sasa, msilipime ndani ya Ramadhani, mchana wa saumu utawadanganya.

Plasta ya nikotini: anayevuta zaidi ya kumi kwa siku huanza na ya miligramu 21 wiki sita, kisha 14 wiki mbili, kisha 7 wiki mbili. Wa kumi au chini yake huanza na 14. Hubandikwa asubuhi, mahali pasipo nywele, kila siku mahali papya, na hukandamizwa kwa kiganja sekunde kumi. Huku kwetu hubanduka kwa sababu mbili: jasho la kaskazi na mafuta ya nazi. Oga, jikaushe sawasawa, usipake mafuta sehemu hiyo. Akiota ndoto mbaya, aitoe wakati wa kulala.

Jojo ya nikotini: ya miligramu 4 kwa yule wa chini ya dakika 30, ya 2 kwa wengine. Moja kila saa moja au mbili kwa wiki sita za mwanzo, na hapa ndipo kikumbusho cha simu kinapofanya kazi hasa, kwa sababu watu husubiri mpaka arusto iwabane ndipo waitafute. Usiitafune kama jojo ya dukani. Itafune taratibu mpaka iwashe kama pilipili, ibane kati ya shavu na ufizi, muwasho ukiisha tafuna tena, mpaka nusu saa. Anayetafuna haraka humeza nikotini yote tumboni, apate kwikwi na kiungulia, aseme dawa mbaya. Kahawa, soda, maji ya ndimu na juisi ya ukwaju huizuia isiingie mwilini, kwa hiyo dakika 15 kabla na wakati wote ikiwa mdomoni asinywe ila maji. Na kwa saumu hiyo ni ya baada ya kufuturu.

Kuna jambo moja ambalo sijaona programu yoyote ikiliweka mbele, na kwa mji wa mabaraza ni kubwa. Moshi wa sigara hulifanya ini limalize kafeini haraka. Mtu akiacha, vikombe vilevile vya kahawa vinamkaa mwilini zaidi, kiwango kwenye damu kinaweza kufika karibu maradufu. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji. Yeye anadhani ni arusto, anarudi kuvuta. Kuanzia siku ya kuacha, punguzeni kahawa kwa nusu. Wekeni kikumbusho cha saa kumi jioni: "Kahawa mwisho."

Kwa sababu hiyohiyo, mwenye pumu anayemeza aminofilini au theofilini amwambie daktari kabla ya kuacha, dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Mwenye maradhi ya moyo pia aonane na daktari kabla ya plasta.

Na huyo wa kuberi, naomba asihesabiwe kama ameacha sigara ikiwa ameongeza kuberi. Nikotini ni ileile. Programu nyingi zinajua sigara tu, kwa hiyo aandike kila bano la kuberi kama sigara moja, ili aone jumla yake yote mahali pamoja.

---

Limbani_Wete:

Ahsanteni sana, nimeandika yote. Limebaki moja. Mtu akiteleza mara moja, kaunta inarudi sifuri na anaifuta programu kwa hasira. Na wapange tarehe ipi hasa?

---

Maalim_Chake alijibu:

Kaunta ya siku mfululizo ni nzuri kwa wiki ya kwanza, baada ya hapo ina madhara. Mtu ana siku 19, anavuta moja kwenye harusi, simu inamwambia sifuri. Si kweli kwamba siku 19 zimepotea. Zimani arifa za kaunta, wekeni karatasi ukutani yenye namba mbili: siku zisizo na sigara tangu mwanzo, na sigara zilizovutwa. Aliyeteleza anakuwa na 19 na 1. Kesho yake 20 na 1. Anayevaa plasta akateleza asiivue, aendelee nayo.

Tarehe: wiki moja ya mwanzo hakuna kuacha, ni kuandika tu. Kila fegi, saa, mahali, na nani, na hamu ilikuwa ngapi kati ya tano. Mwisho wa wiki chagueni nyakati tatu zenye namba kubwa, na vikumbusho viwekwe dakika kumi kabla ya nyakati hizo, visiwekwe saa za kubahatisha. Siku ya kuacha iwe wiki ya pili, kama mwezi mmoja kabla ya Ramadhani. Arusto huwa kali zaidi wiki ya kwanza na hupungua ndani ya wiki mbili mpaka nne, kwa hiyo mwezi ukiandama kazi ngumu imeshapita.

Ramadhani ikianza badilisheni vikumbusho vyote usiku huohuo. Vya mchana vifutwe. Saa za khatari ni mbili: ile ya baada ya futari, tende na uji vikishashuka, na ile ya kutoka tarawehe, watu wanaposimama nje ya msikiti na dhumna linaanza. Ujumbe wa kwanza utoke robo saa baada ya adhana ya magharibi. Na adhana husogea dakika chache mwezi unavyokwenda, kwa hiyo mpangaji atazame ratiba kila Ijumaa na kusogeza saa.