Kaa wa mtoni na makohozi ya kutu: mnyoo wa mapafu unaingiaje mwilini?

Maabara_Mbale: Wakubwa, naomba ufafanuzi. Mtu anakohoa miezi kadhaa, makohozi rangi ya kutu, GeneXpert (mashine ya kupima TB) haioni TB, na kaa wa mtoni ni chakula chake. Mnyoo wa mapafu humwingia mtu vipi, na utauthibitishaje ukiwa na hadubini tu?

Konokono: Huingia kwa kula kaa mbichi au aliyeiva nusu. Mayai ya Paragonimus, yaani huyo mnyoo wa mapafu, hutoka kwa makohozi, au kwa kinyesi mgonjwa akimeza makohozi. Yakifika majini hukaa wiki 2 hivi ndipo kiluwiluwi kinatoka na kuingia kwenye konokono. Humo huzaliana, kisha kizazi kipya huhamia kwa kaa na kujifungia vifuko kwenye matamvua na nyama. Ukila, vifuko hufunguka kwenye utumbo mdogo. Minyoo hutoboa utumbo, hupenya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, hufika mapafuni. Mayai huanza kuonekana baada ya siku 65 hadi 90, kwa hiyo kikohozi chaweza kuyatangulia. Barani Afrika, nchi zinazojulikana zaidi kwa mnyoo huu ni Kameruni na Naijeria, basi muulize pia amesafiri wapi.

Siki, chumvi na pombe si za kutegemea kuua vifuko. Mchemshe kaa mpaka nyama ya ndani ifike nyuzi 63 za Selsiasi. Na jamani, kinu! Kaa mbichi akitwangwa, halafu karanga zikatwangwa humo humo bila kuosha, vifuko vinabaki kwenye karanga. Kisu na mikono vivyo hivyo.

Lenzi40: Maabara_Mbale, usitegemee slaidi ya TB. Mayai yaweza kukosa kuonekana kwenye slaidi yenye rangi ya Ziehl-Neelsen (ya kutafutia TB), na wengi hupewa dawa za TB bila faida. Chukua makohozi ya asubuhi yaliyotoka kifuani, si mate. Tafuta vipunje vya kahawia, weka kimoja kwenye slaidi na tone la maji ya chumvi, funika, angalia kwa lenzi ya 10 kisha ya 40. Yai lina rangi ya dhahabu iliyokolea, urefu wa maikromita 80 hadi 120, na kifuniko upande mmoja. Makohozi mazito yachanganye na sodiamu haidroksaidi ya 3% kwa ujazo sawa, uzungushe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili mayai yatuame chini). Usipoona, rudia siku nyingine, na upime kinyesi pia.

Dozi_Kamili: Dawa ni prazikwanteli, ile ile ya kichocho, na kosa kubwa ni kumpa dozi moja ya kichocho na kumruhusu aende. Kwa kichocho ni miligramu 40 kwa kilo mara moja: mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600. Kwa mnyoo wa mapafu ni miligramu 25 kwa kilo, mara 3 kwa siku, siku 2 au 3. Huyo huyo wa kilo 60 anahitaji vidonge 2 na nusu kila mara, yaani 15 kwa siku 2.

Akiwa na degedege au maumivu makali ya kichwa, msimpe dawa hii kwanza, ndugu zangu. Huenda mnyoo umeingia ubongoni, na ukifa huko huvimbisha. Huyo apelekwe hospitali ya rufaa.