Tumeachiwa iguana na tangi la kioo: nimjengee nini, nimlishe nini?

MamaZuu (Columbus, Ohio)

Habarini jamani. Mimi ni mtu wa Tanga, mjusi mkubwa ninayemjua ni kenge, na tulikuwa tunamfukuza kwa mawe asimalize vifaranga. Sasa jirani zetu wamehama jimbo, wakamwachia mwanangu iguana wa kijani. Kuanzia pua mpaka ncha ya mkia ni kama futi moja na nusu. Amekuja na tangi la kioo la samaki, taa ya kawaida, na lile jiwe la umeme la kumpasha tumbo. Walikuwa wakimpa saladi nyeupe ya kwenye baga na biskuti za paka zilizolowekwa.

Kijana ana miaka 13 na ameapa atamtunza. Ila kuna mdogo wake wa miaka 3, huyo anagusa kila kitu. Dukani wanataka kuniuzia tangi jingine kubwa kwa bei ya kitanda. Mwenye kujua anisaidie: nyumba yake iweje, ale nini katika hivi tunavyopika, na taa zina ulazima gani? Bili ya umeme ya huku kipindi cha baridi mnaijua wenyewe.

Bahari_Moja

Katika msafara wa mamba na kenge wamo, lakini wewe dada umemkaribisha mpaka sebuleni 😂 Mpe utumbo wa kuku umwone anavyochangamka.

FundiKombo (Atlanta)

Utumbo wa kuku asipewe. Kenge anakula nyama na mayai, iguana anakula majani tangu siku anayotoka kwenye yai. Nyama, mayai, na hizo biskuti za paka zinamchosha figo taratibu, na maradhi ya figo ni katika yanayowaua sana hawa wakifugwa. Tupa biskuti leo hii.

Dada, mimi ni seremala wa Pemba, kwa hiyo naanza na nyumba. Binti yangu kaenda chuo kaniachia dume lake, jina lake Sultani, na sasa ni wangu kwa lazima. Tangi la dukani usinunue hata wakupunguzie. Akilelewa vizuri atafika futi 5 au 6, sehemu kubwa ikiwa mkia, na anaweza kuishi miaka 15 na zaidi. Tena huyu ni mnyama wa mitini. Ukimlaza chini, kila anayempita kwa juu anamwona mwewe.

Jenga kabati: futi 6 kwenda juu, futi 6 upana, futi 3 kina. Mbao ni plaiwudi ya robo tatu ya inchi, ndani upake vanishi ya maji mara kadhaa, kisha uiache mpaka harufu iishe kabisa kabla hajaingia. Sasa sikiliza hapa, maana wengi hujenga gereji halafu wakakwama mlangoni: futi 3 ni inchi 36, na milango mingi ya vyumba vya huku ni inchi 30 au 32. Kata kuta zako moja moja, uzifunge kwa bolti ndani ya chumba chenyewe. Acha matundu ya hewa upande mmoja chini na upande wa pili juu. Ndani weka matawi manene kama kiwiliwili chake, na rafu moja pana karibu na juu, hapo ndipo atakapoota joto. Sakafuni tandika magazeti. Mchanga na vipande vya mbao anavimeza na vinamziba tumbo.

Jiwe la umeme pia litupe. Mwili wake umezoea joto linalotoka juu, kama jua. La chini halihisi vizuri, anaungua tumbo naye katulia. Funga taa ya joto juu ya rafu, uizungushie wavu asiiguse. Penye rafu pafike nyuzijoto 35 za Selsiasi (95 za Farenhaiti), kwingine 27 mpaka 30, na usiku pasishuke chini ya 23. Usiku tumia taa ya kauri isiyotoa mwanga, iende na themostati, kile kidhibiti joto. Na vipimajoto viwe viwili, juu na chini. Mkono wako si kipimo.

Halafu tyubu ya UVB, yaani mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho; chukua ile ndefu nyembamba iitwayo T5. Hii ndiyo watu wanaiona anasa. Bila mionzi ile ngozi yake haitengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu yote unayomlisha inampita tu. Mwili ukikosa unaichota kwenye mifupa. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo kinazuia UVB. Hata wavu wenye matundu madogo unapunguza. Ibadilishe baada ya miezi 12 au jinsi mtengenezaji anavyosema, hata kama bado inawaka, kwa sababu mwanga unabaki lakini mionzi inakwisha.

Bili nimekupigia hesabu. Taa ya wati 150 na tyubu ya wati 54 kwa saa 12, kisha kauri ya wati 100 usiku, ni uniti 3.6 hivi kwa siku. Uniti ikiwa senti 16, ni dola 17 na ushee kwa mwezi, na themostati itapunguza.

Chakula ndiko ulikobahatika. Sukuma wiki! Zile collard za huku ndizo msingi wa sahani yake, pamoja na majani ya haradali na dandelioni, lile gugu la maua ya njano, ambayo haijapigwa dawa. Katakata mbichi, usiunge, usitie chumvi. Ongeza boga mbichi lililokunwa na maganda machanga ya maharage (green beans) machache. Maduka ya Wameksiko yana vitanga vya dungusi kakati vilivyokwanguliwa miiba, anavipenda sana. Papai au embe ni kionjo tu. Nyunyiza unga wa kalsiamu usio na fosforasi.

MamaZuu

Shukrani sana kaka Kombo, nimemsomea kijana yote. Mchicha je? Na kisamvu? Nina vya kwenye friza. Halafu kuna jambo sikulisema: akipanda kwenye kijiti vidole vinamtetemeka, na jana taya nililiona kama limevimba kidogo.

Nasra_Tampa

Dada, ukipanga kuhamia Florida ulizia kwanza. Iguana wa kijani aliingizwa kwenye orodha ya wanyama waliopigwa marufuku hapa mwezi Aprili 2021. Wamejaa mitaani, wanachimba kuta za mifereji, na baridi ikiingia wanaganda na kudondoka kutoka mitini kama wamekufa. Jua likitoka wanaamka. Usiwaokote ukawaweka kwenye gari, kuna watu wamezindukiwa nao barabarani.

Na huyo mtoto wa miaka 3 asimshike kabisa. Hawa wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima wa afya. Kila anayemgusa anawe kwa sabuni, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Kuoga awe na beseni lake, si bafu lenu.

FundiKombo (Atlanta)

Nasra kasema kweli, nilisahau beseni. Liweke kubwa ndani ya kabati, atakunywa humo na mara nyingi atajisaidia humo, kwa hiyo libadilishwe maji kila siku. Unyevu wa hewa uende asilimia 65 na kuendelea.

Mchicha na spinachi vina asidi ya oksaliki inayoishika kalsiamu isitumike, kwa huyu wako viache kabisa kwa sasa. Kisamvu kibichi kina sayanidi. Kula wewe na nazi.

Lakini hilo la vidole na taya lisisubiri kabati. Hizo ndizo dalili za mifupa kukosa kalsiamu. Tafuta daktari wa wanyama anayetibu reptilia, siyo kila wa mbwa na paka anawaweza, na umpeleke wiki hii. Atampiga picha ya eksirei na kumpa kalsiamu kwa kipimo, usimkisie mwenyewe. Kwa leo nunua ile tyubu uifunge juu ya tangi bila kifuniko cha kioo, na ushushe kijiti chake karibu na chini, akianguka na mifupa hiyo atavunjika. Mkiwa mnambeba, mshikeni kifuani na mapajani kwa kuinua kutoka chini, wala msimshike mkia. Unakatika ukabaki mkononi.

Kijana akishampeleka kwa daktari nitumie vipimo vya chumba, nikuchoree kabati lenyewe. Bawaba nunua za chuma kisichoshika kutu, unyevu ule unazila za bei rahisi.